Usiuze vigari vyako kabla ya kupimwa macho

Ndugu wa Goma, umeuliza kama uviuze vigari vyako vyote vya Majorette, vile vidogo vya mfano unavyokusanya, kwa kuwa umefika miaka 52 na maandishi ya chini ya kigari huyasomi tena. Ngoja kwanza. Mimi nina 67, nakaa Katuba hapa Lubumbashi, na njia hiyo nimeipita.

Kwangu ilianza nikiwa na 46. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, ndiyo maana vitu vya karibu vinakataa. Nikanunua miwani ya kusomea sokoni, nikaona yamekwisha. Kumbe ile ilifaa umbali wa gazeti, na mimi kigari nakileta karibu zaidi ya hapo. Ukienda kupimwa, beba kigari kimoja, mwonyeshe mpimaji unavyokishika. Taa nayo iweke ubavuni, isikumulike usoni: mwanga wa pembeni ndio unaoinua herufi za chuma. Zikigoma bado, zipige picha kwa simu, ukuze.

Vidole navyo vizoeze. Zamaki, ile aloi ya zinki ya kutengenezea vigari, ni nzito na baridi mkononi, plastiki haikudanganyi. Rangi iliyopakwa upya inaziba mistari ya milango. Ukucha unaisikia kabla ya jicho. Hilo nilijifunza kwa hasara, baada ya kuuziwa kigari kilichopakwa brashi nikiambiwa ni rangi ya kiwandani.

Ukubwa pia unaweza kubadili bila kuacha. Peugeot 404, gari ambalo baba yangu aliliendesha, kwa kipimo cha 1/64, yaani ndogo mara 64 kuliko gari lenyewe, ina sentimita 7 hivi, kwa 1/43 inafika 10, kwa 1/18 inakaribia 25. Za 1/18 ni tamu, unaona hadi usukani, ila zinakula rafu na pesa. Mimi nimetulia kwenye 1/43.

Sasa lile ninalotaka ulishike zaidi ya yote. Mwaka fulani niliona 404 yangu ya buluu imekuwa ya kijivu. Nikalaumu jua, nikalaumu vumbi, nikaiosha mara mbili. Mjukuu wangu akaja, akaichukua: "Kambo, hii motokari ni buluu kabisa!" Nilikasirika. Lakini usiku taa za barabarani nazo zilikuwa zimeota miale, na miwani mipya haikusaidia kitu. Nikaenda hospitali: mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ikichafuka hivyo huwa ya manjano na kuimeza buluu, na hakuna miwani ya kuiondoa. Nilipasuliwa jicho la kulia kwanza, wakaweka lenzi ya bandia.

Siku niliyoruhusiwa kutoa bandeji niliishika 404 yangu, nikafumba jicho moja, kisha la pili. Kushoto kijivu, kulia buluu ileile ya baba. Nililia, sioni haya kukwambia. Kisha nikaisogeza mbali na dirisha, maana jua nalo hubabua rangi kweli.

Una dalili hizo, au ni maandishi tu?