Kuchora bahari ufukweni kwa rangi za mafuta: povu si jeupe

Picha nyingi za bahari haziharibiwi na buluu isiyo sahihi. Zinaharibiwa na mwanga na giza kuwekwa mahali pasipo pake, na mara nyingi kosa huanza kabla brashi haijagusa rangi.

Jua likipiga ubao unaouchorea moja kwa moja, kila rangi huonekana angavu kuliko ilivyo, nawe unaizidishia giza bila kujua. Ukiingiza picha ndani, unakuta yote ina giza. Kwa hiyo geuza stendi inayoshika ubao mpaka ubao na paleti (kibao cha kuchanganyia rangi) vyote viwili viwe kivulini. Kimoja kikibaki juani, rangi unayochanganya siyo utakayoiona ubaoni. Mwavuli uwe mweupe au wa kijivu, kwani wenye rangi kali humwaga rangi yake juu ya kazi. Shati jekundu nalo hufanya vivyo hivyo kwenye rangi mbichi inayong'aa.

Upepo wa pwani hauna adabu. Panua miguu ya stendi, mmoja uelekee kule upepo unakokwenda, kisha ning'iniza mfuko wa mawe katikati. Mwavuli usiufunge kwenye stendi, bali uusimamishe kwa mti wake, na upepo ukizidi ukunje. Chukua ubao mgumu badala ya kanvasi, ambayo hushika upepo kama tanga na kupitisha mwanga kutoka nyuma. Sm 20 kwa 25 inatosha. Anayebeba ubao wa sm 60 humalizia picha yake kwa kubahatisha, maana baada ya saa mbili vivuli vimehama, na maji yaliyokuwa yakijaa yamefunika mwamba uliokuwa unauchora. Angalia saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka, na usisimame mahali ambapo maji yatakuzingira.

Siku chache kabla, paka ubao siena iliyochomwa (rangi ya kahawia-nyekundu) iliyolegezwa kwa tapentaini, kiowevu cha kuyeyushia rangi, kisha ipanguse kwa kitambaa ibaki rangi nyepesi ya kahawia. Kwenye ubao mweupe kila rangi huonekana nzito mno, ukaogopa kuweka giza linalostahili.

Kwenye paleti weka nyeupe ya titani (nyingi kuliko zote), ultramarini na kobalti (buluu mbili), viridiani (kijani), njano ya oka, siena iliyochomwa na alizarini (nyekundu). Nyeusi iache nyumbani. Ultramarini na siena zinakupa giza unaloweza kulivuta kwenye ubaridi au joto upendavyo.

Anza na mstari wa upeo wa macho, na uupime kwa rula kutoka ukingo wa juu wa ubao, kushoto na kulia. Mstari ukiinama hata milimita 2, mtazamaji anaona maji yanamwagika. Usiuweke katikati kabisa. Weka pia alama ya pale maji yanapokutana na mchanga, na usiisogeze tena hata bahari ikisogea. Finya macho, gawa mandhari sehemu nne (anga, bahari ya mbali, bahari ya karibu, mchanga), na uchanganye fungu moja la rangi kwa kila sehemu kabla ya kupaka. Tabaka la kwanza liwe jembamba lenye tapentaini. Mafuta yaongezeke katika kila tabaka linalofuata. Ukigeuza utaratibu huo, tabaka la juu hukauka kabla ya la chini na baadaye hupasuka.

Sasa wimbi lenyewe. Maji yaliyolala huakisi anga, lakini uso wa wimbi unaoinuka kukuelekea huakisi kidogo na kuonyesha rangi ya maji yenyewe, ndiyo maana huwa na giza na ukijani zaidi. Karibu na kilele, ambapo maji ni membamba na jua liko nyuma yake, mwanga hupenya: hapo tumia viridiani na oka, nyeupe kidogo sana, ikizidi inakuwa chokaa. Usikimbize kila wimbi. Tazama kadhaa bila kuchora, chagua umbo moja, kisha subiri linalofanana nalo lirudi, kwani hurudi. Kadiri mawimbi yanavyokwenda mbali, yafanye membamba na yaliyosogeleana.

Povu lililo kivulini ni la kijivu chenye ubuluu: nyeupe, ultramarini na chembe ya siena. Lilinganishe na mchanga mkavu ulio juani, mara nyingi utakuta povu hilo ndilo lenye giza. Likishakaa, dakika za mwisho chukua nyeupe nene yenye oka kidogo na uiweke kwa kisu pale tu jua linapogonga ukingo. Miguso mitano au sita basi. Ikiwa ishirini, hakuna hata mmoja utakaong'aa.

Mchanga uliolowa upake kwanza kwa rangi nzito kuliko mkavu, kisha vuta rangi ya anga kutoka juu kwenda chini.

Mchanga utaingia kwenye rangi tu. Usiuchokoe rangi ingali mbichi, utaacha mashimo. Ngoja rangi ikauke kisha uukwangue kwa wembe. Au uache: picha ya ufuko wa Trouville, Ufaransa, aliyoichora mchoraji Mfaransa Claude Monet mwaka 1870, iliyoko kwenye jumba la sanaa la National Gallery mjini London, bado ina chembe za mchanga ndani ya rangi.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yaliyomo kwenye rangi, visirundikwe kwenye gari. Mafuta hayo hujipasha moto yanapokauka, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitumbukize kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko. Tapentaini chafu irudi nayo nyumbani ndani ya chupa, isimwagwe mchangani. Vanishi isubiri miezi 6 au zaidi, hasa kwa ajili ya lile povu nene, linalokauka mwisho.