Asilimia ya fundi wa paa

Mmeuliza wiki hii: bei ya haki ya kuezeka nyumba ni kiasi gani? Nitajibu juu ya namna bei hiyo inavyohesabiwa, maana hapo ndipo sisi wa Goma tunapogombana. Fundi anaandika devi, yaani makadirio ya gharama, anajumlisha mabati, mbao na misumari, kisha anadai asilimia, mara nyingi 30, kuwa pesa ya kazi. Mabati yakipanda bei, naye anapanda, na jasho ni lile lile. Huo ni unyonyaji.

Volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka Mei 2021 na kumeza nyumba ya mama Buhene, alijenga nyingine ya mbao katika mtaa wa Majengo. Fundi alikuwa akipandanisha mabati migongo miwili, yaani ukingo wa bati moja unafunika mawimbi mawili yaliyoinuka ya bati la jirani. Mama, aliyesimama chini akihesabu, akaona mabati yanaelekea kuisha na paa bado.

"Papa fundi, pandanisha mgongo mmoja! Unanimalizia mabati ili asilimia yako inenepe."

Fundi alishuka na vipande viwili, akaviegemeza kwenye mawe, vimepandana mgongo mmoja, akarushia maji ya bidoni (dumu) kwa ubavu. Yakapenya. Akavipandanisha migongo miwili, akarusha tena. Chini pakabaki pakavu. "Mama, mvua ya hapa inakuja na upepo." Akamwonyesha na msumari: unapigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni, kwa kuwa maji hupita bondeni. Mama alinung'unika, lakini akatuma mtu dukani, na asilimia ikapanda kweli. Mpaka leo hakuna ndoo inayotegwa ndani ya nyumba ile.

Nikiandika haya naona jambo gumu. Kazi nzuri inakula mabati mengi. Ukimlipa fundi bei moja ya kukata, isiyofuata idadi ya mabati, kila bati la ziada ni uchovu wa bure kwake; atapandanisha mgongo mmoja na kwenda zake. Basi asilimia ibaki, ila ihesabiwe kwa bei ya siku mliyosikilizana: idadi ya mabati ibadilike, bei isibadilike. Na mwenye nyumba anunue mwenyewe, aangalie unene: namba 32 ni jembamba kuliko 28, na mvua yenye moshi wa mlima huu inalila upesi.

Sehemu ya malipo ingojee mvua kubwa ya kwanza, ionekane kama paa linavuja. Lakini anayeezeka Juni, wakati wa kiangazi, asimngojeshe fundi mpaka Septemba. Naye ana watoto wa kulisha.