Jenereta la fezi tatu, nyumba ya fezi moja: yaliyonikuta Usa River

Mkuu, umesema umenunua jenereta la mtumba la kVA 20 (kVA ni kipimo cha uwezo wake), la fezi tatu, yaani laini tatu za umeme, na nyumba na duka lako vina fezi moja. Fundi kakwambia atazikusanya laini zote tatu kwenye nati moja upate "fezi moja nene". Mzuie leo leo, mengine utasoma ukitulia.

Umewahi kuona kina mama watatu wakitwanga kinu kimoja? Kila mchi unashuka kwa zamu yake, haigongani. Jenereta la fezi tatu linasukuma umeme hivyo hivyo, kwa zamu. Ndiyo maana ukipima fezi na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, unapata volti 230, lakini fezi kwa fezi unapata 400. Ukizifunga nati moja, michi yote imegongana, yaani umepiga shoti. Breka isiporuka, koili zinaungua.

La kwangu nililitoa Mirerani kwa jamaa aliyekuwa anafunga shimo lake la madini, nikalishusha Usa River kwa ajili ya mashine za kutotoleshea vifaranga. Nalo ni kVA 20. Fundi wangu wa kwanza alichukua fezi moja na nyutro, zile mbili akazivisha tepu. Likawaka, tukapeana mikono. Ila jenereta la ukubwa huo linatoa kama ampea 29 kwa kila fezi, na kwa fezi moja hiyo ni kVA 6.6 tu. Theluthi! Nikiwasha mashine mbili na friza, breka chini. Nikawa nalisha dizeli injini kubwa, umeme ninaoupata ni wa kijenereta.

Kuunganisha upya koili kunawezekana, na ni kazi halali kabisa, lakini kwanza fungua boksi la alternata, ile sehemu ya jenereta inayozalisha umeme, uhesabu nyaya zinazotoka kwenye koili. Zikiwa 12, kila fezi ina koili mbili ambazo ncha zake zote ziko nje, na fundi anayejua kusoma mchoro wa alternata hiyo anaweza kuzipanga upya zitoe fezi moja. Usitegemee kVA 20 zote. Theluthi mbili ndiyo ya kutegemea, yaani kVA 13 hivi, ampea 58. Breka na waya wa kutokea navyo vibadilike, maana vya zamani viliwekewa ampea 29. Kuna nyaya nyembamba ambazo AVR, kifaa kinachodhibiti volti ya jenereta, inazitumia kupima volti. Nazo lazima zihamie mahali pake papya. Zikisahaulika zikawa zinasoma volti ndogo kuliko ilivyo, AVR itaendelea kupandisha tu, na televisheni ndiyo itakayokupa taarifa.

La kwangu lilikuwa na nyaya nne. Hapo nyota, yaani ile sehemu koili za fezi tatu zinapokutana kwenye nyutro, imeshafungwa ndani, huna cha kupanga bila kugusa koili zenyewe. Na nikwambie ukweli, hata ingekuwa 12 nisingehangaika, kwa sababu sikuwa na kifaa kimoja kinachokula zaidi ya theluthi. Nilikuwa na vidogo vingi. Kwa hiyo nikagawa mzigo: mashine za mayai fezi ya kwanza, friza na pampu fezi ya pili, nyumba na ofisi fezi ya tatu. Chumba kimoja kibaki fezi moja, usije ukawa na soketi mbili jirani zenye volti 400 kati yake.

Utauliza, umeme wa TANESCO ukirudi na ni fezi moja, zile laini tatu zinakulaje? Unaweka chenjiova, swichi ya kubadili kati ya TANESCO na jenereta, ya pole nne: fezi tatu na nyutro. Upande wa TANESCO unaunganisha matundu matatu ya fezi kwa kipande cha shaba, fezi moja inalisha yote. Upande wa jenereta kila fezi inaingia peke yake. Kile kipande kikikaa upande wa mzigo, siku ukigeuza kwenda jenereta umerudi kule kule kwa nati moja. Sisi tulikosea hapo hapo. Injini ilinguruma mara moja kama ng'ombe aliyekabwa, breka ikaruka, tukatazamana.

Waya wa nyutro usipunguze. Kwenye jenereta, fezi zikiwa sawa sawa unabeba kidogo, lakini kwenye TANESCO unabeba jumla ya fezi zote tatu.

Na nyutro ndiyo iliyonitia hasara. Nati yake ililegea kwa mtetemo wa injini. Jioni moja taa ya ofisini ikaanza kuwa nyeupe, nyeupe kupita kiasi, ikapasuka. Kabla sijafika kwenye swichi, chaja ya simu ilikuwa inatoa moshi na redio imenyamaza. Wakati huo huo feni za mashine za mayai zilikuwa zinazunguka kwa kujikokota. Nyutro ikikatika, fezi yenye mzigo mdogo inapanda kuelekea 400 na yenye mzigo mkubwa inazama. Nilipoteza trei kadhaa za mayai ya siku ya 18, na redio ilikuwa ya marehemu mzee.

Sasa nimeweka springi washa na nati mbili, na kila nikimwaga oili nazima injini, napitisha spana hapo. Juzi nilipima fezi zote kwa klempu mita: ampea 14, 11 na 9. Friza ya pili naihamishia fezi ya tatu wiki hii.