Viungo wawili wa chini si dalili ya woga

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mwalimu wa soka apange viungo wawili wa chini, yaani wachezaji wawili wa katikati wanaokaa mbele ya mabeki, hata anapokutana na timu inayojaza watu nyuma, na wewe unaona huo ni woga. Nafundisha timu ya vijana mtaani na wazazi huniuliza swali hilohilo mara kwa mara, nami huwarudisha kwenye Hispania ya kocha Vicente del Bosque katika Kombe la Dunia la 2010.

Tarehe 16 Juni, mjini Durban, Hispania ilifungwa 1-0 na Uswisi, na lawama nyingi ziliwaangukia viungo wake wawili wa chini, Sergio Busquets na Xabi Alonso. Ilidaiwa kwamba wanafanya kazi moja, na kwamba wanamsukuma kiungo mwenzao Xavi mbele mno, mbali na eneo alilozoea kuanzishia mchezo. Dai la pili lilikuwa na uzito. La kwanza halikuwa sahihi, kwani Busquets alikaa karibu na mabeki wa kati, Piqué na Puyol, ili mabeki wa pembeni, Sergio Ramos na Capdevila, wapande bila hofu, ilhali Alonso alihamisha mpira kwa pasi ndefu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Del Bosque aliwaanzisha pamoja katika mechi zote 7, na Hispania ikaruhusu mabao 2 tu. Alichobadilisha ni safu ya mbele: dhidi ya Ujerumani alimweka benchi mshambuliaji Torres na kumwanzisha Pedro. Katika fainali, dakika ya 87, wapinzani wakiwa wamechoka, alimtoa Alonso na kumwingiza Fàbregas, ambaye ndiye aliyempa Iniesta pasi ya bao katika dakika ya 116.

Kwa vijana wangu nasisitiza kwamba wawili hao wasisimame kwenye mstari mmoja, kwa sababu pasi moja ya katikati itawavuka wote. Mmoja akiufuata mpira, mwenzake abaki nyuma yake kwa mshazari. Nikiwa na wakabaji wawili hodari lakini wa aina moja, mmoja ataanzia benchi.

Kwa hiyo, kabla ya kumhukumu mwalimu wako, tazama mabeki wake wa pembeni wako wapi timu inapomiliki mpira. Wakibaki nyuma pamoja na viungo hao, watu sita watakuwa wanamlinda mshambuliaji mmoja, na hapo lawama zako zitakuwa za haki.