Joe Cuba alitoka Cuba?

Swali: Asalaam aleikum mhariri, eti huyu Joe Cuba wa bugalu, ule muziki wa Kilatini wa New York, alitoka Cuba kweli ama ni jina tu?
Msomaji, Kisauni, Mombasa

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu, jina la jukwaani tu hilo, yeye kazaliwa New York 1931, wazazi wa Puerto Rico, jina hasa Gilberto Calderón. Ngoma ya konga alianza kujifunza baada ya kuvunjika mguu. Lakini utamu wenyewe uko kwa bendi yake, watu sita tu, bendi nyingine zilijaza matarumbeta yeye akayaacha akaweka vaibrafoni, ile marimba ya chuma, basi muziki ukawa laini unateleza na kila ala waisikia, hapo ndo huwa anipata mimi. 1966 wakatoa wimbo wa Bang Bang, bugalu ikashika moto. Alifariki 2009. Mtafute pia Cheo Feliciano akiimba na bendi hiyo, sauti ile wallahi!