Tetemeko kubwa halikimbii kuliko dogo

Mkuu uliyeuliza kama tetemeko kubwa linafika haraka kuliko dogo, na hizo kilomita 6 kwa sekunde zinatoka wapi wakati nyumba inayumba taratibu tu, ngoja nikujibu kwa urefu maana nafundisha fizikia hapa Kigoma na kila tukifika mada ya mawimbi vijana wa form four wanakwama hapo hapo.

Tenganisha vitu viwili kwanza, spidi ya wimbi na spidi ya ardhi yenyewe. Waliokaa stesheni ya Kigoma wanajua kichwa cha treni kikivuta ghafla unasikia behewa la kwanza linashtuka, la pili, la tatu, mpaka la mwisho kule nyuma, mshtuko umeshafika mkiani wakati behewa lenyewe halijasogea hata hatua moja. Ndo hivyo hivyo chini. Wimbi linapita kwenye mwamba kilomita kadhaa kwa sekunde, ila ardhi ulipokanyaga inacheza kwa sentimita tu kwa sekunde, hata yale ya kubomoa miji ni kama mita moja hivi. Tetemeko likiwa kubwa kinachoongezeka ni huko kucheza, spidi ya wimbi inaamuliwa na mwamba.

Lile la tarehe 5 Desemba 2005, ukubwa 6.8, kitovu kilikuwa ziwani kama kilomita 147 kusini mwa Kigoma mjini. Mi nilikuwa Mwanga hapa hapa Kigoma mjini, saa tisa alasiri, kwanza ukaja mngurumo na mabati yakaanza kulia, watu tunaangaliana, af baadae ndo ukaja mtikisiko wa pembeni vikombe vikaanza kugongana kabatini. Piga hesabu: wimbi la P, lile la kwanza linalosukuma na kuvuta mwamba kuelekea linakoenda, kwa kilomita 6 kwa sekunde linatumia kama sekunde 25, la S, lile la pili linalotikisa pembeni, kwa kilomita 3.5 linatumia 42, so pengo ni sekunde 17. Lingekuwa dogo la ukubwa 4 kutoka pale pale, pengo lingekuwa lile lile.

Sasa kuna mdau kasema kule ndani kabisa ya dunia mawimbi yanaenda kasi kwa sababu mwamba ni mzito. Hapana, uzito unapunguza kasi. Kwa wimbi la S unachukua ugumu wa mwamba kukataa kupindwa, unagawa kwa densiti (uzito wa kila mita ya ujazo), unatafuta kipeuo cha pili. Graniti chukua paskali bilioni 33 gawa kwa kilo 2,700 kwa mita ya ujazo, unapata kama mita 3,500 kwa sekunde. Shuka mpaka kina cha kilomita 2,890, densiti imeongezeka mara mbili tu ila ugumu umeongezeka karibu mara tisa kwa sababu ya presha, ndo maana S inafika kilomita 7 na ushee. Ugumu umeuzidi uzito, basi.

Ukivuka hapo unaingia kiini cha nje cha dunia ambacho ni chuma kilichoyeyuka, na kimiminika hakina huo ugumu kabisa, weka sifuri kwenye hesabu uone, S haipiti, na P yenyewe inashuka ghafla kutoka kilomita 13 na zaidi mpaka 8. Na ziwa letu ni hivyo hivyo, mvuvi aliye katikati ya Tanganyika S inaishia chini kwenye sakafu ya ziwa, kinachomfikia kwenye mtumbwi ni msukumo wa aina ya P tu, unaopanda majini kwa kama kilomita 1.5 kwa sekunde.