Sheria Kumi na Mbili Zinatosha: Namna ya Kuandika na Kusimamia Kanuni za Shule ya Sekondari

Kila Januari maduka ya vifaa vya shule Ngamiani, hapa Tanga, hujaa wazazi walioshika fomu za kujiunga na kidato cha kwanza. Wanahesabu madaftari, sare, rimu ya karatasi, fagio, ndoo. Ukurasa wa sheria za shule uko nyuma kabisa, na mara nyingi husainiwa palepale kaunta bila kusomwa. Mzazi hana kosa. Ukurasa wenyewe umebeba sheria thelathini na kitu, nyingine kwa Kiingereza, na nusu yake hazimwambii mtoto afanye nini.

Chukua ile inayokaa namba moja karibu kila fomu: "Mwanafunzi awe na nidhamu wakati wote." Mpe mwalimu wa zamu na mwalimu wa darasa waitumie kwa mtoto yuleyule siku ileile, watatoa majibu mawili. Mmoja ataona kiburi, mwingine ataona aibu ya mtoto mgeni. Sheria ambayo watu wawili hawawezi kukubaliana kama imevunjwa ni dua tu. Na sheria isiyo na mtu anayeishika, kwa jina lake, hufa kabla ya likizo ya Machi.

Kwa hiyo anzeni kwa kupunguza. Kaeni walimu, viranja na wajumbe wawili watatu wa wazazi, na orodha nzima mezani. Kwa kila sheria ulizeni: inaonekana kwa macho? Inaandikika daftarini? Nani ataiandika? Isiyopita maswali hayo itoke au iandikwe upya. "Mwanafunzi asichelewe" iwe "Mwanafunzi awe mstarini saa 1:20 asubuhi." "Mwanafunzi atunze mali ya shule" iwe "Kila mwanafunzi ana kiti na meza vyenye namba, na anavirudisha vikiwa vizima mwisho wa mwaka." Kumi na mbili zinatosha shule ya kutwa. Ziingie upande mmoja wa karatasi ya A4 na zisomeke kwa sauti chini ya dakika tano, kwa sababu kuna wazazi ambao watazijua kwa kusomewa tu.

Na ziwe kwa Kiswahili. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kiingereza, hilo linajulikana, lakini anayetia saini ni mama anayekaanga vitumbua Makorora, na saini ya jambo asilolielewa haimfungi yeye wala haimsaidii mwalimu. Hapa niseme pia juu ya ile sheria ya kuzungumza Kiingereza tu, yenye kibao cha kuvishwa shingoni anayekosea. Haileti Kiingereza. Inaleta ukimya, na mtoto aliyenyamaza hamwambii mwalimu hata kwamba anaumwa. Anayetaka Kiingereza shuleni aweke midahalo miwili kwa wiki.

Uchelewaji

Hili ndilo kosa linalojaza madaftari kuliko yote, na ndilo tunaloliharibu zaidi kwa adhabu zetu. Tuseme mstari ni saa 1:20 na kipindi cha kwanza ni saa 2:00. Mtoto anafika saa 1:35. Anapewa fyekeo, anakata nyasi nyuma ya maabara mpaka saa 2:40. Amechelewa dakika 15, sisi tumemnyang'anya kipindi kizima cha dakika 40. Akifanya hivyo mara mbili kwa wiki, ndani ya wiki kumi amepoteza vipindi 20, yaani saa 13 na zaidi. Kama kipindi cha kwanza ni Hisabati, basi tunamtengenezea sifuri kwa mikono yetu, halafu tunamwita mvivu.

Adhabu ya kuchelewa isiguse kipindi. Ilipwe wakati wa mapumziko au baada ya masomo, na isizidi dakika 30, maana mtoto wa Pongwe au Amboni akizuiliwa mpaka jioni atakosa daladala, na wa kike atatembea gizani.

Kabla ya adhabu kuna daftari. Getini liwekwe moja lenye safu sita: tarehe, jina, kidato, saa aliyofika, sababu kwa maneno yake mwenyewe, saini. Mwalimu wa zamu ndiye mwenye daftari, kiranja anamsaidia kuandika tu. Mtoto akishaandika anaingia darasani. Kila Ijumaa mwalimu wa nidhamu anakaa nalo nusu saa na kutafuta mpangilio, wala si majina peke yake. Ukiona watoto wanane wa mtaa mmoja wanafika saa 1:45 kila siku, hilo ni suala la usafiri: konda anaacha wanafunzi kituoni ili ajaze watu wazima wanaolipa nauli kamili. Waandike namba za gari na saa, na mkuu wa shule apeleke barua LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu. Viboko kwa mtoto aliyeachwa na daladala havimfundishi konda chochote.

Wanaopanda baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, sababu yao kubwa ni pancha. Shule ikiwa na pampu moja, viraka na gundi kwa fundi wa mikono wa Klabu ya Sayansi, mtoto anaziba wakati wa mapumziko na kesho anawahi.

Kwa shule zilizo karibu na bahari, kama za upande wa Sahare hapa au Dunda kule Bagamoyo, angalieni tarehe za mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika. Mtoto anayechelewa wiki mbili mfululizo kisha anakuja mapema wiki inayofuata huenda anasaidia kuanika alfajiri. Mzazi wake aitwe, lakini aitwe kwa lugha ya kupatana: mtoto aanike jioni na siku za mapumziko, asubuhi ya shule aachiwe. Mzazi akiona mwalimu anaijua kazi yake, mazungumzo yanakwenda.

Kuita mzazi nako kuna namna yake. Wito wa "njoo shuleni kesho saa 2 asubuhi bila kukosa" humkuta mama ntilie jikoni na mvuvi usingizini, na wasipokuja tunaandika kwamba hawajali. Wekeni saa 9 alasiri. Ujumbe wa simu uwe na salamu, kosa, tarehe na saa:

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa darasa wa mwanao, Kidato cha Pili B. Amechelewa mara tatu mwezi huu: tarehe 4 saa 1:50, tarehe 6 saa 1:45, tarehe 11 saa 2:05. Tunaomba uje Alhamisi saa 9 alasiri tuzungumze, yeye akiwepo."

Kama mwalimu ni mkubwa kwa umri, aanze na "Habari za leo, mama." Lakini asikose salamu. Mzazi wa Pwani aliyeitwa bila salamu anakuja amekasirika au haji kabisa.

Usafi na mali

Darasa la watu 45 ligawanywe makundi matano ya watu tisa, kila kundi siku yake: wanne wafagie, wawili wapige deki, wawili wachote maji, mmoja ubao na madirisha. Orodha ibandikwe mlangoni kwa majina, si kwa "kundi la kwanza". Zamu zigeuzwe kila mwezi ndani ya kundi, la sivyo wasichana watachota maji mwaka mzima na wavulana watashika ubao.

Vyoo visiwe adhabu kamwe. Sababu yake ni ya kiutendaji: ukifanya choo kuwa kazi ya wakosaji, siku shule imetulia vyoo vinanuka, na anayeshika brashi anachekwa. Kiwango kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na shule nyingi hazijakifikia, kwa hiyo zamu ya choo ni ya kila darasa na mara mbili kwa siku. Kwa matundu manne: ndoo mbili za lita 20, brashi mbili za mpini mrefu, sabuni ya unga, glavu za mpira, na maji ya kunawa baada ya kazi. Bila glavu msiwapeleke.

Kiti na meza viandikwe kwa rangi ya mafuta, kidato, mkondo na namba, mfano 2B-17, upande wa chini wa kikalio na nyuma ya egemeo. Juu ya meza hufutika ndani ya muhula mmoja kwa kukwanguliwa. Mwanafunzi anasaini Januari na kukaguliwa Juni na Novemba. Bila namba, dawati likivunjika analipishwa darasa zima, na aliyevunja hulipa sawa na aliyetunza. Mwaka unaofuata hatunzi mtu.

Sare sina mengi: rangi, urefu, viatu vyeusi, hijabu ya rangi ya sare kwa anayevaa. Asiye na viatu aulizwe faraghani kwanza.

Simu

Simu za wanafunzi haziruhusiwi, na hilo litaendelea kuwa na ubishi mitaani. Mwalimu ajue kwamba kuvunja au kuchoma simu mbele ya mstari ni kuharibu mali ya mtu, na mara nyingi mwenye mali ni bibi ambaye simu yake ilichukuliwa bila yeye kujua. Ikikamatwa, izimwe palepale, iingie kwenye bahasha yenye jina, kidato, aina, hali ya kioo na tarehe. Mwanafunzi na mwalimu wasaini wote. Iwekwe ofisini kwa mkuu wa shule na ichukuliwe na mzazi mwenyewe. Tarehe ya kuichukua isemwe wazi kwenye sheria. Ukaguzi wa mabegi ufanywe na walimu wawili, mwenye begi akiwepo, na msichana akaguliwe na mwalimu wa kike.

Viranja

Kiranja hapigi, hapigishi magoti, hakusanyi hela ya faini. Kazi yake ni kuona na kuandika: nani, wapi, saa ngapi, amefanya nini. Mstari mmoja. Wengi wanakuwa wakali kwa sababu hawakufundishwa kazi, walivalishwa beji tu. Siku mbili za mafunzo baada ya uchaguzi zinatosha, na nusu ya muda huo wafanye mazoezi ya kuandika taarifa bila neno la kuhukumu. "Ana kiburi" halikubaliki. "Nilimwambia achukue fagio, akakataa, saa 1:15" linakubalika. Kaka mkuu na dada mkuu wawe na nafasi kwenye kikao cha walimu mara moja kwa mwezi, angalau dakika kumi, kwa sababu mengi yanayotoroshwa machoni mwetu wao wanayaona.

Ngazi za adhabu

Ziandikwe chini ya sheria, kwenye karatasi ileile. Mara ya kwanza, mwalimu wa darasa anazungumza naye siku hiyohiyo. Mara ya pili, kazi ya dakika 30 baada ya masomo na maandishi daftarini. Mara ya tatu ndani ya mwezi, mzazi. Baada ya hapo kamati ya nidhamu, na mwanafunzi asikilizwe kabla ya uamuzi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na zaidi ya sheria, ndipo ukweli unapopatikana. Kufukuza shule si kwa mkuu wa shule peke yake. Shauri hupelekwa bodi ya shule.

Kuhusu viboko, kanuni za 2002 ziko wazi kuliko tunavyozitekeleza: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, iwe ni kwa kosa kubwa, na kila mara iandikwe kwenye kitabu. Mwalimu anayetembea na fimbo korido nzima yuko nje ya kanuni. Mimi naamini shule yenye daftari la getini na ngazi zinazofuatwa haihitaji hata hivyo vinne.

Ramadhani, msimpe aliyefunga kazi ya jua kali, na msiwahoji wasichana mbele za watu kwa nini leo hawakufunga. Ijumaa, wanaokwenda kuswali waitwe majina kabla ya kutoka na kwenye kipindi cha kwanza baada ya kurudi. Wanaopotea wengi hupotea hapo.

Kuna mambo hayapandi ngazi. Mirungi na bangi, silaha, na mtu mzima anayemfuata mwanafunzi, awe bodaboda au mwalimu. Anayempa mimba au kumuoa mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 tangu marekebisho ya sheria ya 2016. Mambo hayo yaende kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo, kisha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na ustawi wa jamii. Mtoto asiyejua pa kusemea anaweza kupiga 116 bure. Namba hiyo iandikwe kwenye ile karatasi ya sheria, chini kabisa, kwa herufi kubwa. Na aliyepata mimba asitajwe kama mfano mbaya mstarini. Tangu Novemba 2021 waraka wa elimu unamruhusu kurudi darasani, na jinsi walimu walivyomsema alipokuwa hayupo ndiyo itaamua kama atarudi.

Mwezi Novemba, kabla fomu mpya hazijachapwa, fungueni madaftari ya mwaka. Sheria ambayo haikuandikiwa kosa hata moja huenda imeeleweka, au hakuna aliyekuwa anaitazama. Waulizeni viranja ipi ni ipi. Ile isiyotazamwa ipewe mtu mwingine wa kuishika, kwa jina, na jina hilo liandikwe pembeni yake kwa kalamu.